Mgeni Rasmi Hachezi

Nianze na kosa langu mwenyewe, maana katika ile kamati wengine wamehamia Alberta, wengine wametangulia mbele ya haki, na waliobaki wamesahau kwa makusudi. Ratiba ya siku ile niliiandika mimi. Niliichapa kwenye kompyuta ya maktaba pale Jane na Finch, mtaa wetu wa Toronto, nikatoa nakala sitini, na juu kabisa nikaweka herufi kubwa zilizokolezwa wino: MGENI RASMI: MCHEZAJI WA KULIPWA KUTOKA UFARANSA. Nilizipenda sana herufi zile. Nakala moja nilikaa nayo kwenye begi wiki nzima, nikawa naichungulia ndani ya basi.

Mtu asiyenijua atauliza huyu ana wazimu gani na ratiba. Kabla sijaja Kanada nilikuwa karani katika ofisi ya utamaduni ya wilaya moja kule nyanda za juu kusini, na ratiba ndiyo iliyokuwa kazi yangu. Akija mkuu wa mkoa kufungua choo cha shule, ni mimi niliyejua nani amsalimie kwanza, nani akae kulia kwake, na kwaya iimbe nyimbo ngapi kabla hajakabidhiwa mkasi wa kukata utepe. Nilipofika Toronto nikawa mbandika lebo kwenye maboksi katika ghala moja la Mississauga, mabasi matatu kwenda na matatu kurudi, na katika nchi nzima ile kubwa hapakuwa na mtu hata mmoja aliyehitaji kujua nani akae kulia kwa nani. Isipokuwa jumuiya yetu. Wao walinipa ukatibu, nami nikaushika kama mtu aliyerudishiwa jina lake.

Jumuiya ilikuwa ya Watanzania na Wakenya, pamoja na Wakongo wachache tuliowapokea kwa sababu kwaya ilikuwa imepungukiwa sauti. Mwenyekiti wetu alikuwa Mkenya, fundi wa lifti kazini na rais moyoni. Kila kiangazi tulikuwa na mechi moja, Tanzania na Kenya, kwenye uwanja wa bustani jirani na chuo kikuu. Kombe tulilolipigania lilitoka duka la mitumba, na juu yake kilisimama kisanamu cha mtu wa mchezo wa bowling, anayeviringisha tufe la kuangushia chupa. Mechi ilikuwa mbovu kila mwaka. Hotuba zilikuwa nzuri.

Huyo Mfaransa alifikia kwa dada yake, mlango unaotazamana na wetu, ghorofa ya tisa, theluji ikiwa bado chini. Dada yake alizaliwa Bukavu, alikuwa anahudumia wazee katika nyumba ya kutunzia wazee, na Jumapili alikuwa anaimba sauti ya pili kanisani kwetu. Kaka mtu alizaliwa kitongoji cha nje ya Paris, baada ya wazazi kuhama. Alikuwa Mfaransa wa pasipoti, wa mwendo, na wa kulalamikia mkate. Kiswahili alikinyonya kwa mama yake, kile cha Kongo, na tangu siku ya kwanza aliniita yaya, kama wanavyomwita kaka mkubwa. Alikuwa na miaka thelathini na moja. Kwa karani huo ni ujana. Kwa mchezaji mpira ni siku ya mwisho ya soko.

Maisha yake ya soka aliyabeba ndani ya faili la plastiki la bluu. Mlikuwa na picha, vipande vya magazeti, na karatasi moja ya mistari aliyoiheshimu kuliko hiyo pasipoti. Kushoto aliandika kila timu iliyomsajili, kulia akaandika dakika alizokaa uwanjani. Hakuandika magoli wala mechi. Dakika tu.

Alinisomea karatasi ile mezani kwangu, na naungama kwamba nilikuwa nauma shavu nisicheke. Shule ya soka ilimchukua akiwa na miaka kumi na mitatu, akalala bweni, akala mboga zilizopimwa kwa mizani. Akiwa na kumi na tisa alisaini timu ya ligi kuu kule kaskazini, na gazeti likaandika kwamba huyu ndiye kiungo wa kesho. Kesho hiyo ilidumu dakika kumi na moja. Aliingizwa timu ikiwa imekwisha kufungwa manne, akagusa mpira mara tatu, kipyenga kikalia, wakaenda kuoga. Akapelekwa kwa mkopo daraja la pili, na kocha aliyemwomba akafukuzwa kabla yeye hajafungua sanduku. Akaenda Ubelgiji, akateguka goti, tena si kwa kukabwa na beki. Aliteguka akishuka kwenye benchi walilopandia kupiga picha ya timu. Romania alikuta theluji na mwenye timu mwenye mpwa anayecheza nafasi ileile. Saiprasi timu ilikufa mikononi mwake. Luksemburg alicheza sana, mechi nzima nzima, lakini aliitaja kwa sauti ya chini kama mtu anayeulizwa habari za ndoa ya kwanza.

Dada yake alikuwa na mkanda wa video, na hakuna jirani aliyeponyoka bila kuutazama. Ulikuwa umejaa mechi za watu wengine. Ukitazama vizuri, nyuma kabisa pembeni mwa mstari, utamwona yeye na kizibao cha rangi ya chungwa anapasha misuli moto. Anakimbia hivi, anarudi hivi, anainua magoti, kisha anaketi. Nchi ile na hii, anapashwa. Mke wangu, ambaye ulimi wake haujawahi kuomba ruhusa, alisema huyu bwana ni kiporo, kila siku anapashwa moto na kila siku anarudishwa kabatini. Tukacheka mpaka tukafunga mlango ili wa ng'ambo wasisikie.

Basi siku moja mwezi wa tano nilipita pale uwanjani nikitoka kazini, nikamkuta amejichanganya na wanafunzi wa chuo kikuu. Alipokea mpira watu wawili wakiwa mgongoni mwake, akageuka, sikuona aligeukaje, akaupeleka mahali ambapo hapakuwa na mtu. Nikataka kucheka. Kisha mtu akatokea pale pale, mpira ukamkuta mguuni, wala hakubadili hatua. Akafanya hivyo tena. Akafanya hivyo jioni nzima, bila kuinua sauti, na wale wanafunzi, ambao mwanzo walimwita mzee, wakaanza kumwangalia yeye kabla ya kuuangalia mpira. Nilisimama na begi langu mpaka nikakosa mabasi mawili. Sikumwambia mke wangu. Niliona haya.

Wakati huo jiji lilikuwa na timu mpya ya kulipwa, na tamaa ya kuichezea ndiyo iliyomleta. Alikwenda kugonga pale mara nne, na dada yake wa kumtafsiria. Kocha msaidizi, mtu muungwana kwa maelezo yake, alimwambia wana nafasi moja ya kiungo mpaka dirisha la usajili lifungwe, lakini hawezi kumpa majaribio mtu wa umri ule kwa kutazama karatasi. Nitafutie mechi, akasema, yoyote ile, nikuone nusu saa. Viza ya Mfaransa ilikuwa inakwisha mwezi wa tisa. Akipata mkataba anabaki. Asipopata anarudi Ufaransa na faili lake, na hapo kazi imekwisha, maana kule hakuna timu iliyokuwa inamjibu simu.

Akaja kwangu. "Yaya, weye unajua kuandika. Andikia ule bwana akuye kwa mechi yenu."

Nikaandika. Barua ile ilikuwa nzuri, nasema mwenyewe, kurasa mbili. Jibu likaja mistari miwili: atafika saa tisa, ataondoka saa kumi na nusu, timu yake ina safari.

Hapo ndipo nilipofanya jambo ambalo katibu yeyote wa kwetu angelifanya. Niliipeleka habari kwenye kamati.

Tulikutana kwenye chumba cha chini cha kanisa, chai na mandazi mezani. Mwenyekiti alisikiliza, akaweka kikombe chini taratibu, macho yakamng'aa. Mwaka uliotangulia mgeni rasmi alikuwa daktari wa meno, Mgoa wa Nairobi anayeishi Mississauga, na alituhutubia juu ya kupiga mswaki. Mwaka wa kabla yake alikuwa wakala wa bima.

"Wacha!" akasema mwenyekiti. "Profeshono kutoka France yuko hapa floor ya tisa na mnaniletea madaktari wa meno? Huyo ndiye guest of honour."

Kapteni wa Kenya akauliza swali la maana, la pekee siku ile: huyu mtu atachezea upande gani? Kapteni wetu akasema upande wetu, kwa kuwa anaishi mlango wa katibu. Kapteni wa Kenya akasema kama ni hivyo wao hawaleti timu. Kelele zikapanda. Mwenyekiti akagonga meza kwa kijiko.

"Jameni, mgeni rasmi hachezi. Ushawahi kuona President akidaka goli? Protocol ni protocol. Atakaa high table, neutral, kila mtu afurahi."

Watu wote wakacheka na neno likaisha. Mimi nilikuwa nimeshika kalamu. Nilijua barua niliyoiandika na nilijua nusu saa iliyoombwa ni ya nini. Ningeweza kusema. Lakini kusema kweli kutoka moyoni, lile neno mgeni rasmi lilikuwa limekwisha kunipanda kichwani, na tayari nilikuwa napanga nani akae kulia. Ili dhamiri isinisumbue, nikaongeza kipengele cha kumi na nne: Mgeni Rasmi kuonyesha kipaji kwa kuchezea kila upande dakika kumi, muda ukiruhusu.

Muda ukiruhusu. Nimefanya kazi ya ratiba miaka kumi na miwili nyumbani, na sijapata kuona muda ukiruhusu kitu.

Nilimpa nakala yake kwenye lifti. Aliisoma kwa kidole.

"Ma yaya, ule bwana ataniona saa gani?"

"Atakuona muda wote. Mtakaa naye meza kuu, bega kwa bega."

"Mi sipende kukaa. Mi nimekaa sana."

Nilicheka nikampiga begani. Nilidhani ni mzaha, tena nikaurudia kwa mke wangu kama mzaha. Yeye hakucheka.

Siku ikafika, Jumamosi, jua kali. Kibali cha jiji kilituruhusu kutumia uwanja kuanzia saa nane hadi saa kumi na mbili. Ratiba ilisema mpira unaanza saa nane na nusu. Watu walianza kufika saa tisa kasoro, kwa kuwa kila mmoja alijua wenzake watachelewa, akachelewa ili asiwe mjinga. Kocha msaidizi alifika saa tisa kamili, na kofia na kijitabu kidogo, akasimama pembeni mwa mstari kama mtu aliyekuja kazini. Tukamfuata haraka, mwenyekiti na mimi, tukamtoa pale. Mgeni hasimami juani! Tukamvika kitenge shingoni, tukamketisha chini ya hema mkono wa kulia wa mgeni rasmi, nyuma ya kitambaa cheupe kilichofika hadi kwenye majani.

Mgeni rasmi alikuwa amevaa suti ya mwenyekiti. Mikono ilimwishia juu ya kifundo, akaonekana kama mtahiniwa.

Mimi nilishika kipaza sauti. Tukafungua kwa sala, kisha dua. Tukaimba nyimbo za mataifa, yetu, ya Kenya, ya Kanada, na Wakongo wakasema nao wapo, tukasubiri mtu akumbuke beti zao. Utambulisho wa meza kuu. Utambulisho wa waliopaswa kuwapo meza kuu lakini hawakuja. Historia fupi ya jumuiya, iliyosomwa na katibu, dakika ishirini. Niliisoma yote. Kwaya nyimbo mbili, zikawa nne. Mwenyekiti alisimama akasema itifaki imezingatiwa kwa hiyo hatarudia, kisha akarudia, mmoja mmoja. Halafu mgeni rasmi akateremka kukagua timu, akawashika mkono wachezaji wote na wale wa akiba, waliokuwa wamekwisha kupoa na kuanza kula mahindi.

Mke wangu alikuja na sahani ya pilau kwa ajili ya kocha, akaninong'oneza.

"Huyu bwana anatazama saa."

"Vimebaki vipengele viwili tu kabla ya mpira."

"Mwache kijana avue hiyo suti aingie sasa hivi. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Huyu ana miezi minne hapa, nanyi mnampa kipaza sauti?"

"Mama, kuna itifaki."

"Tazama chini ya meza," akasema, akaenda zake.

Nilijifanya naokota karatasi. Chini ya kile kitambaa cheupe, chini ya suruali ya mwenyekiti, Mfaransa alikuwa amevaa njumu. Zilikuwa zimefungwa kamba tayari, mafundo mawili mawili, na magoti yake yalikuwa yanapanda na kushuka taratibu, la kulia, la kushoto, la kulia, la kushoto. Alikuwa anapasha misuli. Juu ya meza uso ulikuwa umetulia kabisa, anatabasamu kwa kamera.

Nilinyanyuka. Mwenyekiti alikuwa ananionyesha vidole, kipengele cha kumi na mbili. Nikakitangaza.

Mpira ulianza saa kumi na dakika ishirini na tano. Dakika tano baadaye kocha akasimama, akakunja kijitabu ambamo sikuona kama ameandika kitu, akampa mgeni rasmi mkono. Mimi ndiye niliyekuwa mkalimani. Alisema ni heshima kubwa kukutana naye. Kisha akanigeukia mimi, akaniuliza kwa Kiingereza, kwa upole kabisa: kwani huyu bwana amestaafu? Alikuwa na taarifa tofauti, alidhani bado anacheza.

Sasa sikiliza jibu langu. Nilikuwa na kipaza sauti mkononi. Barua niliiandika mimi. Mfaransa alikuwa ananitazama mdomoni, maana Kiingereza hakukijua, akingoja nimtafsirie. Watu wa meza kuu walikuwa wanasikiliza. Na mimi, kwa Kiingereza changu cha barua, nikasema: "Ndiye mgeni wetu rasmi, bwana."

Kocha akaitikia kwa kichwa, ameelewa. Akavua kitenge, akakikunja vizuri, akaenda.

"Anasema nini?" Mfaransa akauliza.

"Anasema ni heshima kubwa."

Kipengele cha kumi na nne hakikufikiwa. Saa kumi na mbili kamili mfanyakazi wa jiji alikuja na funguo zake, hakutaka kusikia habari za mwenyekiti wala itifaki, mpira ukakatizwa bila bao na kombe likabaki kwa waliokuwa nalo. Kabla ya kukunja hema tulimpa mgeni rasmi ngao, imechongwa: kwa mchango wake uliotukuka katika soka. Nikamkaribisha aseme neno. Akachukua kipaza sauti, akatazama ule uwanja mtupu, akasema, "Aksanti kwa kiti." Watu wakapiga makofi kwa nguvu, mwenyekiti kuliko wote.

Picha yake ikatundikwa ukutani kule chini ya kanisa, na ilikaa pale miaka mingi. Vijana waliokuja baadaye walikuwa wakiniuliza huyu nani, na kwa muda mrefu nilikuwa nawajibu kwamba ni nyota wa Ufaransa aliyetutembelea. Nilijitetea sana pia, nyumbani, kichwani, ndani ya basi. Nilisema kocha angeweza kungoja. Nilisema umri ulikuwa umempita, goti, ile nafasi wangempa kijana tu. Labda ni kweli. Hatutajua, na sababu ya kutojua ni mimi.

Mwezi wa tisa, siku mbili kabla ya kusafiri, alibisha hodi kwangu na lile faili la bluu. Hakuwa na hasira. Ningependa angekuwa nayo. Alikaa mezani, akatoa ile karatasi ya mistari, akaigeuza inielekee. Mstari wa mwisho ulikuwa mtupu.

"Yaya, weye njo katibu. Andika."

Nikachukua kalamu yangu nzuri. Kushoto nikaandika Toronto. Kulia nikasita, kisha mkono ukaanza wenyewe, M, G, E. Akaweka kidole juu ya karatasi.

"Non, yaya. Pale ni dakika."

Mke wangu alikuwa jikoni, akazima bomba la maji asikilize. Nikafuta zile herufi kwa mstari mmoja, na pembeni yake nikaandika sifuri, kwa mwandiko wangu wa wilayani, mzuri, wa kuviringa. Akaipuliza wino ukauke, akairudisha ndani ya faili.